Blanketi Juu ya Waya

Gari lilipotoka Mwatate, Reuben hakutaka kuongea na mtu, lakini mama wa mboga aliyekaa kando yake aling'ang'ana kujua kwa nini amekunja uso. Basi akamwambia. Intaneti iliishia sebuleni, kuta ni za mawe, na chumba chake kiko nje. Kwa hivyo alivuta waya juu ya uwanja, kutoka dirisha hadi dirisha. "Halafu mamangu akaanika blanketi juu yake! Zito, linachuruzika maji. Waya ukakatika nikiwa katikati ya intaviu ya kazi. Wamechukua mtu mwingine."

"Kijana wangu, waya uko uani na jua linawaka. Ulitaka aanike wapi?"

"Nilimwambia ni wa intaneti!"

Yule mama alimtazama kana kwamba amesema ni wa maombi. "Sasa umemgombeza?"

"Ningeanzia wapi? Blanketi ni langu. Alikuwa ananifulia niende nalo Nairobi nikipata hiyo kazi." Reuben akageukia dirisha. "Hata leo asubuhi ameniuliza naondoka lini."

Gari likasimama Voi.