Maneno Manne ya Kuona: Maisha ya Mzee Tazama

Mimi ni mdogo wake marehemu, fundi umeme. Nikichanganya mambo, mniwie radhi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, kifungua mimba wa baba yetu mshona viatu. Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha sekondari, kisha chuo kikuu, ambako alikutana na Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Wabudha. Walikutanaje, hapa nyumbani hakuna anayejua.

Alifundisha chuoni hadi alipostaafu mwaka 2014. Kazi yake ilikuwa kulinganisha maneno ya kuona. Passati, alisema, ni kuona tu, kama unavyoona mlango. Dassana ni kule kuona kwenyewe, na pengine kuelewa. Anupassanā ni kukitazama kitu bila kukiacha. Vipassanā ni kukiona kilivyo hasa. Nikamuuliza, "Sasa kaka, tofauti iko wapi?" Akaniwekea kikombe cha chai mezani. "Kitazame kwanza, tutaongea." Chai ikapoa, nami nikabaki vilevile. Ndipo wanangu wakamwita Mzee Tazama.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985. Aliposema ukweni kwamba anashughulika na kuona, baba mkwe akamletea miwani iliyolegea. Kaka akaikaza skrubu, na mzee yule alifariki akiamini binti yake kaolewa na daktari wa macho.

Mwaka jana uvimbe kichwani ulimpofusha, kisha akaanza kutusahau mmoja mmoja, hata sauti zetu. Shemeji alitaka kitu kimoja tu: kujua kama mumewe bado anamtambua. Swali hilo lilimkondesha. Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, shemeji aliinama kumfunika shuka. Alikuwa amekosea vifungo vya sweta lake, kawaida yake akiwa na haraka. Kaka akapeleka mkono, akavifungua, akavifunga upya hadi juu, kama alivyozoea kumfanyia mlangoni kila asubuhi. Mchana akafariki.

Daktari anasema yale ni mazoea ya mikono. Shemeji akaniuliza, "Shem, aliniona au hakuniona?" Nimeyapitia maneno yote manne, bado nimechanganyikiwa, na wa kumuuliza ndiye huyu tunayemzika.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu na mimi. Shemeji amekuja na sweta lile lile. Tangu Jumanne analivua kwa kupitisha kichwani, na hataki mtu aguse kifungo.

Pumzika kwa amani, kaka.