Ukuta wa Maktaba

Basi lilikuwa nusu tupu, mvua ikiteleza kwenye vioo, nami nasinzia na mfuko wa vitunguu mapajani. Mbele yangu mkutubi alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, fundi cherehani mwenye utepe wa kupimia shingoni, kwamba sasa intaneti yao itazimwa kila mara maktaba ikifungwa. "Watu wanajibandika ukutani kama popo ili waidake, dada. Wanakanyaga maua yetu."

"Basi popo mmojawapo ni mimi, kaka. Mume wangu yuko melini, hupata nafasi Jumapili tu, nanyi Jumapili mmefunga. Nikikaa chini ya dirisha la vitabu vya watoto, uso wake unakuja wote kwenye simu. Nikisogea kidogo, namkosa kidevu."

"Si ununue bando?"

"Linaisha akiwa bado anaulizia afya ya mama yake."

Nikacheka macho yamefumbwa. Wangu naye, akipiga, huanzia hapohapo.

Mkutubi akasema maktaba ni ya wasomaji. Fundi akajibu kwamba hata maua hayasomi, na nafasi yamepewa.

Niliuona ule ukuta kama ndotoni: jengo limelala, na watu wameliegemea, nyuso zina mwanga wa buluu, kila mmoja ananong'ona na mtu wake wa mbali.

Basi likasimama. Mkutubi akainuka, akifunga vifungo vya koti. "Dirisha hilo la watoto," alisema, "ndilo lenye maua mazuri kuliko yote."

"Najua," akasema fundi. "Huyamwagilia nikimsubiri apige."