Mwalimu Kasilda na Ile R ya Msalabani

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, majirani, na nyie nyote mlioacha kazi zenu Jumamosi ya leo mkaja hapa Kibaoni kumsindikiza dada yangu, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu nawasalimu kwa amani, na wazee wetu wa Kisukuma nasema mwangaluka. Mimi ni Venansi Agustino, mdogo wake marehemu, fundi seremala, elimu yangu ni darasa la saba, na familia imenituma niwasomee maisha ya Mwalimu Kasilda Agustino Msangawale. Mwenyekiti wa msiba amenipa dakika kumi, akanisihi pia nisimkwaruze mtu. Dakika nitajitahidi, hilo la pili nimeshindwa kuahidi, Mungu anisamehe, kwa maana karatasi hii nimeiandika mara mbili, ya kwanza jana kwa utulivu, ya pili leo asubuhi kwa hasira, na hii ninayosoma ni ya pili.

Kilichonikasirisha kimesimama hapo kichwani pa jeneza. Ule msalaba mweupe una jina lake vizuri kabisa, lakini chini ya jina pameandikwa KUZARIWA, kwa R, halafu tarehe. Umesimama hapo tangu saa mbili, na watu wazima zaidi ya mia, wenye vyeti na sisi tusio na vyeti, wamefika, wameusoma, wameinamisha vichwa, wamepita. Wachache walioona walinong'ona kwamba si inaeleweka tu. Inaeleweka! Mtu aliyemaliza miaka zaidi ya arobaini akiwafundisha watoto wa huku kwetu kutenganisha L na R, leo alazwe chini ya R isiyo yake, na sisi tuseme inaeleweka. Nitalirudia hilo, ngoja kwanza niseme alikotoka.

Marehemu alizaliwa, kwa L, tarehe 14 Mei 1961, Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akiwa mtoto wa pili kati ya saba wa mzee Agustino, aliyekuwa mshona nyavu, na mama yetu Épiphanie, aliyeletwa na wazazi wake kutoka ng'ambo ya ziwa. Marehemu alibatizwa pale misheni mwezi uliofuata. Baba hakujua kusoma. Barua ikija aliibeba hadi misheni asomewe, na siku moja, dada akiwa na miaka minane, baba alisomewa barua ya kifo cha kaka yake mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao, akalia mbele ya wageni kama mtoto, na dada akamshika mkono kutoka kule hadi nyumbani. Alituambia mara nyingi kwamba siku ile ndiyo aliyoapa kuwa barua za kwetu zitasomewa ndani ya nyumba yetu, na mtu akilia, atalia kwao.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Karema kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, na mwaka 1976 akachukuliwa kwenye mpango wa walimu wa UPE, wale waliofundisha huku wanasoma, akapata cheti cha Daraja la Tatu C mwaka 1979, na Daraja A mwaka 1991. Digrii hakuwa nayo, na wapo waliomkumbusha hilo mara nyingi kuliko walivyomsalimia.

Alianza kazi Sitalike mwezi Januari 1980, enzi hizo Mpanda yote ikiwa bado Mkoa wa Rukwa, na hapo alikutana na Celestin, askari wa wanyamapori, mtu mpole mwenye bunduki, wakafunga ndoa takatifu tarehe 12 Julai 1986, wakajaliwa watoto watatu, Lidia, Kassiani na Edina, ambao wote wapo hapa mbele yenu. Mwaka 1998 walihamia hapa Kibaoni, shemeji akalima mpunga, dada akapangiwa shule ambayo sitaitaja, kwa sababu anayeijua anaijua. Shemeji Celestin alitutoka tarehe 3 Februari 2009, apumzishwe na Bwana.

Sasa kazi yake. Darasa la kwanza, walimu mliopo mnajua, hupewa mwalimu mgeni au aliyekosana na mkuu, dada aliliomba, akalikuta lina watoto mia moja na ishirini wanaoimba ma me mi mo mu mpaka mabati yanaitikia. Akagundua kwamba ukimwandikia mtoto mo peke yake ubaoni, hawezi kuisema, ni lazima aanze na ma, apite me, apite mi, ndipo aifikie, kama mtu ambaye hawezi kwenda kisimani mpaka arudi kwanza nyumbani kwao. Dada akauvunja wimbo. Hakuwafundisha majina ya herufi, aliwafundisha sauti, hakusema emu, alifunga midomo akasema mmm, na watoto wa wafugaji wakasema aa, huyo ndama anamwita mama yake. Waliandika kwa kidole kwenye ungo wenye mchanga wa mto, wakikosea wanatikisa ungo, kosa linafutika bila mtu kuchapwa. Na kwa zile mbili zinazotusumbua sisi sote wa huku, Wafipa, Wapimbwe, Wasukuma, kwa kuwa lugha za mama zetu hazikututenganishia, alisema huo si ujinga, ni sikio ambalo halijaonyeshwa njia. L ni ulimi uliolala, unauegesha juu nyuma ya meno, unatulia. R ni pikipiki, ulimi unatetemeka, na mkono wa kulia unavuta mafuta kama bodaboda wa pale stendi. Darasa zima linavuta mafuta, rrrr, karoti, barua, Karema, halafu linazima, lala, lima, Kasilda. Walimu wenzake walicheka wakamwita Mwalimu Pikipiki, wengine mlimwita hivyo mpaka juzi, na juzi hiyo hiyo mmeandika kwenye kadi ya rambirambi kwamba alikuwa nguzo ya elimu.

Nguzo hiyo nani aliing'oa? Alhamisi ya tarehe 18 Septemba 2014 walikuja wageni kukagua kama watoto wanasoma. Wiki mbili kabla, watoto wa darasa la tatu walikaririshwa ukurasa mmoja, mstari kwa mstari, nayo amri ya kuwakaririsha ilitolewa kwa walimu wote, dada akakataa. Siku ile alisimamishwa mtoto, akashika kitabu, akasoma ukurasa wa baba analima shambani bila kukwama hata mara moja, wageni wakapiga makofi, na makofi hayajaisha dada akatoka nyuma, akakichukua kitabu mikononi mwa mtoto, akakigeuza juu chini, akamrudishia. Mtoto akaendelea kusoma. Alisoma mpaka mwisho, kitabu miguu juu, sauti nzuri tu. Dada akamkumbatia, akamwambia hujakosa kitu mwanangu, tuliokosa ni sisi, akawageukia wageni akasema huyu hajui kusoma, ana akili nyingi za kukariri, nisaidieni nimfundishe.

Mngetegemea nini, jamani? Wageni walipanda gari wakaondoka kabla ya chakula kuiva, na siku ya Jumatatu kamati ya shule ikaitwa. Ikasemwa kwamba ameivua shule nguo mbele ya wageni. Dada akajibu kwamba nguo haikuwepo, kilichokuwepo ni wimbo. Ikapigwa kura ya mikono aondolewe darasa la kwanza, apewe bustani ya mchicha na stoo ya majembe, na mikono ikapanda. Baadhi ya mikono hiyo leo imeshika mashada ya maua. Nami nakiri mbele ya Mungu na mbele yenu ndugu zangu, nilikuwa mjumbe wa kamati ile, na mkono wangu mimi, mdogo wake wa tumbo moja, ulikuwa wa tatu kupanda. Nilikuwa nimeahidiwa kazi ya madawati, nikaogopa. Jioni ile alinipakulia ugali na dagaa wa Karema kama kawaida, hakuniuliza kitu, na mimi nikala. Nimeungama kwa padri, lakini kwake sikuwahi kuungama, nilikuwa nasubiri siku nzuri.

Miaka saba alihesabu majembe, mwalimu huyu, hadi alipostaafu tarehe 14 Mei 2021, na watoto wa shule ile wameendelea kuvuka madarasa bila kusoma, wanafika la saba, wanamaliza, meseji ikiingia kwenye simu anatafutwa mtu wa kuisoma, ndiyo yale yale ya baba yetu pale misheni, ila sasa mtoto ana sare na cheti. Msinikasirikie mimi kwa kulisema. Kasirikeni kwamba ni kweli.

Yeye hakukaa kununa. Kila siku saa tisa alasiri aliweka nyungo zake barazani, wakaja watoto wa majirani, wakaja na watoto wa wafugaji ambao hata shule hawakuandikishwa, na mzee Manyanda, ambaye yupo pale na fimbo yake, mwanzoni alikuja kumchukua mjukuu wake Minza akisema mtoto wa kike ng'ombe wanamtosha, haya ya kuchezea mchanga ni ya nini. Dada akamwambia mzee, kaa kidogo, akamwambia Minza aandike mchangani jina la ng'ombe anayempenda babu yake. Minza akaandika. Mzee Manyanda akaliangalia lile jina, akauliza mara mbili kama kweli ni yule yule, akakataza mtu asiutikise ule ungo mpaka jioni. Tangu siku hiyo Minza hakukosa baraza hata moja.

Tarehe 11 Machi mwaka huu, 2025, dada alipatwa na kiharusi akiwa anafagia, akakimbizwa hospitali Mpanda, Mungu akamrudisha, lakini mdomo ulivutika upande mmoja na ulimi ukawa mzito, R ikamtoka kabisa. Aliporudi barazani alijaribu mara tatu, haikuja, na yeye akacheka kwa ule upande uliobaki akasema pikipiki yangu imeharibika, nani ana ya kuniazima? Minza, miaka saba, akainua mkono wa kulia akavuta mafuta. Kuanzia hapo Minza ndiye aliyesema R za mwalimu, na mwalimu akalala kwenye L zake. Shinikizo la damu lilipanda tena tarehe 17 Agosti, akalazwa, na Jumatano tarehe 20 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Bwana akamwita, baada ya kupokea mpako wa wagonjwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda, ambao walimhudumia usiku na mchana na kumwita mwalimu mpaka pumzi ya mwisho, inawashukuru majirani waliopika na kuteka maji, wafugaji walioleta ng'ombe bila kuombwa, kwaya, jumuiya yetu ndogo ndogo, na walimu wenzake, hasa wale wawili waliokuja kwake kwa siri kujifunza kuvuta mafuta, mnajijua, msione aibu, fanyeni hadharani.

Sasa narudi msalabani. Leo asubuhi Minza alikuja na babu yake, akasimama mbele ya msalaba, akaweka kidole chini ya maandishi, akasoma ku, za, ri, wa. Akarudia. Mkono wa kulia ukavuta mafuta. Akanigeukia akaniuliza kwa sauti ambayo wote mliokuwepo mliisikia, "Babu, mbona bibi mmemwekea pikipiki na yeye amelala?" Watu wakacheka, na mama mmoja wa ukoo wetu, simtaji, akamwambia nyamaza wewe, mtoto unajua nini, huu ni msiba. Mzee Manyanda akapiga fimbo chini akasema, "Mwacheni. Anayejua kusoma hapa ni huyo."

Mmekuwa mkimlaumu Maximilian mchora mabango, nimewasikia, mnasema vijana wa siku hizi. Maximilian hana kosa. Alinakili karatasi aliyopewa, herufi kwa herufi, na karatasi hiyo ninayo hapa mfukoni, imeandikwa kwa mkono wangu. Ni mimi. Dada alinifundisha R na L kwa miaka, nikamwambia mimi ni mtu mzima, natengeneza meza, inaeleweka. Hata hii ninayosoma, Lidia amenisahihishia sehemu sita. Mkono ule ule uliopanda mwaka 2014 ndio ulioandika KUZARIWA, na kama ningenyamaza leo ingekuwa mara ya tatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nimemwona. Baba Paroko naye ana misa nyingine mbele, naye nimemwomba radhi, amekubali. Maximilian yupo nyuma yangu na rangi mbili, nyeupe ya kufuta na nyeusi ya kuandika. Jeneza halitanyanyuliwa mpaka ile R ifutwe, rangi ikauke, L iandikwe, nayo ikauke, na Minza aje aweke kidole chini yake asome mbele yenu wote. Jua la Agosti ni kali, haitachukua muda. Dada yangu aliwangoja watoto wenu miaka arobaini, nasi tunaweza kuingoja rangi. Mwenye haraka aende, sitamlaumu, lakini asije kesho kuniambia alimpenda.

Dada Kasilda, nisamehe mkono wangu. Pikipiki imezimwa. Lala kwa amani, na zote mbili ni L.