Filamu Iliyofufuliwa Keumbu

Katika probox, gari dogo la abiria, ya kwenda Ogembo, Nyanchoka aliketi kati ya wanaume wawili wasiojuana, akawasikiliza bila kutaka. Mmoja, Mzee Masese, alikuwa akiilaani filamu ya pili ya yule mfalme aliyechomoa upanga jiweni. "Ya kwanza ilinitoa machozi. Hii ya pili, mganga wake anauawa mapema, na mfalme analia tu mpaka mwisho!"

Nyanchoka alikubali kimoyomoyo. Yeye alipoitazama alisinzia hata kabla ya nusu.

"Ungeiona kwangu Keumbu, mzee wangu," akasema yule mwingine, Zubair, mwenye ukumbi wa video. "Watu walianza kuinuka. Nikazima sauti, nikashika maiki, nikaisimulia upya. Mfalme akilia, nasema anawalilia watu wake, kesho anawarudishia nchi yao. Hakuna aliyetoka. Mwishoni ukumbi mzima ulisimama ukipiga makofi!"

"Yaya, hapana, huo ni uongo, kijana! Filamu ina wenyewe."

"Wenyewe waliiua, mzee. Mimi nimeifufua."

Nyanchoka akajikuta anapiga makofi, dereva naye akapiga honi. Gari liliposimama Ogembo, Zubair alishuka kifua mbele kama aliyevikwa taji. Mzee Masese alimfuata hatua kwa hatua, bado anambishia, asije akapitwa na neno lake hata moja.