Miaka Thelathini na Mmoja ya Mama Ijumaa, na Mstari Mmoja Mwekundu

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu wa dawati la elimu kwa wawekezaji atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika kampuni yetu ya udalali wa hisa, na siku hiyohiyo atastaafu. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi. Humu ndani, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Mama Ijumaa, na wageni wengi wameondoka wakidhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi za bei za hisa kuandikwa kwa chaki kwenye ubao wa ukumbi wa chini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwezi wa tatu tu aliondolewa kwenye mashine na kukabidhiwa ngazi na boksi la chaki. Wazee wa idara ya hesabu bado wanatania kwamba yeye ndiye mfanyakazi pekee aliyepanda ngazi kabla ya kupandishwa cheo. Ubao ulipobadilishwa ukawa wa umeme, alihamishiwa kwenye meza ndogo pembeni ya dirisha la ukumbi huohuo, na kazi aliyopewa ilielezwa kwa sentensi moja: awaeleweshe wateja wanachonunua.

Kazi hiyo aliichukulia kwa uzito ambao hakuna aliyeutarajia. Kila Alhamisi, saa nne asubuhi, alipanga viti ishirini na kufundisha bure. Hisa zenyewe hazikumsumbua, maana watu wanazielewa upesi: umenunua kipande cha kampuni, unapata gawio, unapiga kura mkutanoni. Kilichomtoa jasho ni machaguo ya hisa, zile haki ambazo kampuni hutoa na kuziorodhesha sokoni, nazo zinauzwa na kununuliwa kama hisa zenyewe. Mwenye chaguo hana hisa. Ana haki ya kuinunua kwa bei iliyopangwa, kabla ya tarehe iliyopangwa, basi. Hapati gawio, hapigi kura, na tarehe ikipita hana kitu.

Kwa jambo hilo alikuwa na mfano wake wa kabati, na hakuwahi kuubadilisha. Umeliona kabati kwa seremala, bei elfu mbili. Unampa mia moja ili akuhakikishie bei hiyo hadi mwisho wa mwezi. Mbao zikipanda bei, umecheka. Kabati linauzwa elfu tatu na wewe unalipa elfu mbili. Zikishuka, unamwachia mia yake, unakwenda kununua kwa jirani. Lakini ukilala hadi mwezi ukaisha, hata mbao zipande zifike juu ya paa, seremala hakujui. Hapo alikuwa akivua miwani, anawatazama mmoja mmoja kama mwalimu anayetafuta aliyekula chaki.

Vituko havikukosekana. Dereva mmoja mstaafu alitundika karatasi ya chaguo lake sebuleni, ndani ya fremu yenye kioo, akaja nayo hapa miaka miwili baada ya ukomo akitaka hisa zake. Mama Ijumaa alimkalisha, akamwagizia chai, akamwambia fremu bado ina thamani. Mzee alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo hakukosa Alhamisi hata moja. Bwana harusi mmoja alimpa mkewe zawadi ya machaguo ya miezi sita, na Mama Ijumaa alimpigia simu mkewe kwa siri kumwambia asingoje hadi mtoto azaliwe.

Simu za namna hiyo ndizo zilizompa jina. Machaguo mengi huku kwetu hufikia ukomo siku ya Ijumaa. Sheria inaitaka kampuni iliyoyatoa imwandikie mwenye nayo barua, na barua hutumwa, lakini watu huhama na barua hazina miguu. Kwa hiyo Mama Ijumaa alikuwa na daftari lenye majina ya wateja wetu wote wenye machaguo, na wiki ya ukomo alimpigia kila mmoja wao. Hakumwambia mtu atumie haki yake wala aiache. Alimwambia tarehe tu. Pembeni ya kila jina aliandika kwa penseli yale ambayo kompyuta haijui: huyu apigiwe mchana, huyu ongea na binti yake, huyu atasema ameelewa, rudia. Na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, aliandika kanuni moja: Asipopokea, nenda.

Naye alikuwa akienda. Alikwenda kwa miguu, na mwavuli, hadi ofisini, sokoni na wodini. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mteja hata mmoja wa kampuni hii aliyepoteza haki yenye thamani kwa kutojua tarehe. Mafanikio hayo hayamo kwenye taarifa yoyote ya mwaka, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiria kuhesabu misiba ambayo haikutokea.

Mhariri wa jarida hili aliniomba kurasa mbili za kuchangamsha, na hadi hapa nimejitahidi. Lakini kila mtu humu anajua kwamba Mama Ijumaa anaondoka na barua ya onyo kwenye faili lake, kwamba cheti cha utumishi mrefu hakitatolewa kwenye sherehe, na kwamba dawati lake linafungwa. Wanachojua ni kwamba mwaka wake wa mwisho alizembea, na mteja mmoja akaumia. Siwezi kumwandikia wasifu huku nikiliruka jambo hilo, kwa kuwa aliyezembea ni mimi.

Mwezi wa tatu, idara ya utumishi ilimlazimisha kumaliza siku zake kumi na mbili za likizo. Mimi ni karani msaidizi wa dawati hilo. Kwa miaka sita nimepanga vile viti ishirini na mfano wa kabati naweza kuusema nikiwa usingizini. Alinikabidhi daftari. Wiki hiyo kulikuwa na machaguo ya kampuni moja tu ya kuangalia, na mteja wetu mmoja tu ndiye aliyebaki nayo: fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mama wa makamo, mteja wa miaka kumi na tisa. Alikuwa na haki ya kununua hisa elfu nne kwa hamsini kila moja, na sokoni hisa hizo zilikuwa tisini na mbili. Pesa ya kulipia alikuwa ameshaiweka tayari. Nia yake ilikuwa azichukue hisa, aziuze, na faida aiongeze kwenye akiba ili anunue kile chumba alichoshonea miaka yote, kwani mwenye nyumba alikuwa anakiuza na amempa nafasi ya kwanza. Pembeni ya jina lake penseli ilisema: cherehani inapiga kelele, hasikii simu, nenda.

Jumatatu asubuhi nilipiga simu ya mezani ya dukani kwake. Iliita mpaka ikakatika. Nikajiambia nitakwenda baada ya chakula, ni mwendo wa dakika kumi. Kulikuwa na mvua. Saa nane nilitazama ubao wa bei na kuona machaguo ya kampuni ile hayapo tena, yameondolewa. Nikasema, basi, yamekwisha, tumechelewa au ameshauza mwenyewe. Nilishusha pumzi kwa sababu sitalowa. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake.

Yeyote aliyekaa Alhamisi moja tu na Mama Ijumaa anajua nilichokosea. Machaguo ya kampuni huacha kuuzwa sokoni siku kadhaa kabla ya ukomo. Yakitoka ubaoni huwezi tena kumuuzia mtu, lakini haki yako bado ni nzima: unajaza fomu, unalipa bei, kampuni inakutolea hisa mpya. Fundi alikuwa na Jumatatu ile, Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa hadi saa kumi na moja. Siku tano, mwendo wa dakika kumi.

Mama Ijumaa aliporudi alifungua daftari kabla hata ya kuvua koti. Akauona mstari.

“Ulikwenda?”

“Niliona yametoka ubaoni, Mama.”

“Kutoka ubaoni si kufa, mwanangu,” alisema. “Alhamisi ngapi nimelisema hilo?”

Hakupandisha sauti. Alichukua mwavuli wake, akatoka, akarudi baada ya saa mbili. Fundi hakumfokea. Barua ya kampuni ilikuwa imepelekwa anwani ya zamani ya nyumbani kwake, na hakuitafuta. Alimwambia tu, “Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilijua mtanipigia.” Mama Ijumaa alinisimulia hivyo huku anatazama dirishani, kisha akakaa na kuandika taarifa kwa mkurugenzi. Nilisoma nakala yake jioni ile. Ilikuwa na mistari mitatu, na wa mwisho ulisema: daftari ni langu, kwa hiyo kosa ni langu. Jina langu halikuwamo.

Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba yeye ana miezi michache tu ya kubaki, na mimi mkataba wangu uko mezani kwa mkurugenzi. “Mimi naondoka hata hivyo. Wewe una watoto,” akasema, na akaniomba nimpe stepla.

Kamati ya nidhamu ilitoa siku kumi na nne kwa mwenye maelezo yoyote kuyapeleka kwa maandishi. Siku ya tatu niliandika barua. Ilikuwa barua nzuri, yenye ukweli wote. Niliiweka kwenye droo. Kila asubuhi niliifungua droo ile, nikaiona, nikaifunga. Nilijiambia nangoja wakati unaofaa, maneno yale yale ambayo wateja humwambia Mama Ijumaa wiki ya ukomo. Siku ya kumi na moja mkataba wangu ulisainiwa. Siku ya kumi na tano nilipata ujasiri, nikaipeleka. Katibu wa kamati aliangalia kalenda, akanirudishia bahasha bila kuifungua. “Ungekuja jana, kaka,” aliniambia. Hakuwa na ubaya.

Nimekuwa nikiwafafanulia watu kwa miaka sita kwamba haki isiyotumika kwa wakati wake haina tofauti na karatasi ya kufungia vitumbua, na bado nilihitaji kushikishwa bahasha yangu mwenyewe ndipo nielewe. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimemlea mwenyewe.

Uamuzi wa kamati mnaujua. Mbali na lile onyo, ilionekana kwamba utaratibu unaomtegemea mtu mmoja na penseli ni wa hatari, kwa hiyo simu za Ijumaa zimefutwa na badala yake unatumwa ujumbe mfupi wa kompyuta. Ujumbe huo unasema: Mteja mpendwa, chaguo lako linakaribia ukomo, tafadhali chukua hatua. Hauna tarehe. Nimeuliza kwa nini, nimeambiwa mfumo haukuwekewa nafasi ya tarehe. Darasa la Alhamisi limesitishwa, na viti ishirini vimepelekwa kantini. Yule dereva mstaafu alikuja wiki iliyopita, akasimama katikati ya ukumbi mtupu akiwa ameshika kofia yake.

Najua kwamba wasifu huu hautabadilisha kitu. Faili limefungwa, na jarida la wafanyakazi si kamati. Nauandika kwa kuwa sherehe ni Ijumaa, na angalau wale watakaompigia makofi wajue wanampigia nani. Kazi yangu ikiota nyasi, itakuwa imechelewa miezi mitano.

Jana alimaliza kufungasha. Kikombe chake, mwavuli, kile kipande cha chaki cha enzi za ngazi. Daftari aliliacha juu ya meza yangu. Nilifungua ukurasa wa fundi cherehani. Chini ya mstari wangu mwekundu ameliandika upya jina lake, kwa ule mwandiko wa ubaoni, na pembeni yake kwa penseli kuna neno moja.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Mama, asante kwa Alhamisi zote, kwa simu zote, na kwa kila mvua uliyotembea ili mtu asije akasema hakuambiwa. Asante pia kwa lile ulilonibebea, ambalo sikustahili kubebewa. Tunakutakia maisha mema, yenye afya, na Ijumaa za kulala hadi jua liwe juu.

Na kwa lile swali uliloniuliza siku ile ukiwa bado na koti mwilini: ndiyo, Mama, nimekwenda. Leo asubuhi, kwa miguu. Mlangoni kwake kuna rangi mpya na kufuli jipya, simu ya mezani imekatwa, na fundi viatu wa jirani anasema cherehani iliondoka na mkokoteni mwezi uliopita, hajui kuelekea wapi.