Kanali Anselme Vuillemot na Nyumba Chini ya Ngome

Marehemu Kanali Anselme Vuillemot alizaliwa tarehe 3 Machi 1831 hapa Vaucourt, nje ya lango la mashariki, mtoto wa pili wa mtengeneza saa Désiré Vuillemot. Wa kwanza ni mama yangu, Philomène. Akiwa na miaka minane alimwambia padri kwamba mnara wa kanisa umeinama. Padri akamjibu, "Basi, mwanangu, kaa upande wa pili." Akakaa, lakini kupima hakuacha.

Alisoma hesabu Paris, kisha uhandisi wa kijeshi Metz, akahitimu mwaka 1854. Aliandika kitabu kuhusu kujenga ngome ili walio ndani wasionekane kutoka vilimani. Wenye elimu walikisifu. Sisi nyumbani tulikiwekea sufuria juu.

Tarehe 9 Juni 1860 alimwoa Eulalie Maillard, aliyefariki mwaka uliofuata akijifungua, yeye na mtoto. Mjomba hakuoa tena.

Najua mnasubiri kuona kama nitaruka Agosti 1870. Siruki. Jeshi la Waprusia lilikuwa njiani, na sheria ilitaka nyumba zote zilizoziba mbele ya mizinga ya ngome yetu ziondolewe. Mjomba ndiye aliyechora mstari wa eneo la kuondolewa nyumba, na nyumba ya babu, alimozaliwa yeye na alimoishi mama, ikaangukia ndani yake. Alipima upya akitafuta kosa lake. Hakulipata.

"Anselme, sogeza mstari kidogo tu," mama alimsihi. "Nani atajua?"

"Watakaokufa ukutani watajua, Dada."

Ikachomwa moto. Waprusia wakapita njia nyingine. Hapa haikulia hata risasi moja. Mji mzima ukamnunia, eti kwa kumhurumia mama. Muuza nyama alimfungia Mjomba nyama bila kumtazama. Mnajijua.

Kila Mwaka Mpya mdogo huenda kumsalimia mkubwa, naye alikuja mlangoni petu na magwanda yake na kikapu cha matufaha. Mama hakufungua. "Heri ya mwaka, Dada," aliuambia mlango, akarudi zake peke yake. Niliumia kila mara.

Mwaka huu hakuja. Mapafu yalikuwa yamemlaza tangu Noeli. Mama alikaa karibu na mlango hadi kahawa ikapoa, akainuka kwa hasira. "Mbona haji, mpumbavu yule?" Akavaa viatu vyake vya mbao, akaenda mwenyewe, mkubwa kwa mdogo.

Alimkuta anahema kwa shida.

"Nilipima sawasawa, Dada."

"Najua. Ungekosea, ningekusamehe siku ile ile."

"Na sasa?"

"Nyamaza, unywe supu."

Alifariki tarehe 4 Januari 1889, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha dada mmoja na mpwa mmoja. Tukimaliza, mama atasimama langoni pa makaburi kupokea mikono yenu, na amenituma niseme hivi: mtu asimpe pole ya nyumba. Ampe pole ya mdogo wake.

Lala kwa amani, Mjomba.