Jerikani ya Ndera na Pua ya Béatha Kabagwira

Tarehe 30 Septemba 1993 Bi. Béatha Kabagwira anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya uuguzi wa jamii. Kituo chetu kitapumua kidogo, maana mama huyu hakuwahi kumwamini mtu, hata sisi wenzake.

Alianza mwaka 1964 kwa kupima watoto uzito. Dawa za kupulizia kahawa zilipoenea vijijini, kila nyumba aliyotembelea akawa anaanzia ghalani: maharagwe yamehifadhiwa kwa unga gani, kopo hili lilikuwa na nini? Akanusa, akaandika. Kwangu alinusa hadi birika la chai. Tulimcheka sana.

Kwetu mwenyeji huonja kinywaji kwanza, ndipo mgeni anywe. Béatha alikataa hata baada ya kuonjewa. Alisema kuonja kunaonyesha moyo wa mwenyeji tu, chombo hakijulikani.

Mwaka jana watu wanne walianguka katika kijiji cha Ndera baada ya kunywa bia ya mtama kwa mjane aitwaye Mukarugwiza. Majirani wakasema amewalisha sumu, na kwamba alionja kidogo makusudi. Katika miaka hii ya kushukiana, neno hilo linatosha kumfukuza mtu kwake, na tayari Kabera, jirani yake, alikuwa amempa siku tatu ahame. Mimi pia niliamini. Kwenye daftari la wagonjwa niliandika "sumu ya mkono wa mtu".

Béatha alitazama mate yaliyowatiririka, jasho, na mboni zilizosinyaa, akawapeleka hospitalini na barua iliyotaja dawa ya kahawa. Kisha akataka kuona chombo kilichobebewa bia. Ilikuwa jerikani ya kuazima, na aliyeiazimisha ni mimi, Viateur, ninayeandika haya. Nilimwambia iko safi, nimeosha mara tatu. Aliinusa, akanitazama kama mwizi aliyekamatwa. Niliona aibu, na bado naiona.

Wote wanne walipona. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Béatha alinisimamisha mbele ya majirani nikakiri kwamba jerikani yangu ilikuwa ya dawa ya kahawa, Kabera akiwa mstari wa mbele. Tangu hapo kituo chetu hutoboa kila jerikani tupu ya dawa, isibebe kinywaji tena.

Asante, mama, kwa kutushuku sote sawasawa. Tunakutakia pumziko jema na afya tele. Mukarugwiza ameshindwa kuja leo: anavuna mtama wake, Ndera, nyumbani kwake.